Bidada wa Busi, Babu na Marimba ya Spoku za Baiskeli

Kuna vyombo vya muziki vinakula hela kabla hata havijatoa sauti. Gitaa la maana uanze kujichanga, kinanda ndiyo usiseme kabisa, bado hujalipia mwalimu. Ndiyo maana siku hizi mtandaoni mtu akiuliza "nataka kuanza muziki, sina mtaji na sijui lolote", jibu linalorudi mara nyingi ni kalimba. Kale kakibao kadogo kenye vyuma kumi na saba, unakashika kwa mikono miwili unabonyeza kwa vidole gumba. Kanatoa sauti tamu hata kama hujui unachofanya. Ukiingia TikTok unakutana na wadada wa Asia wamekaa dirishani, mvua inanyesha nje, paka amelala pembeni, wanapiga kalimba utadhani maisha hayana kodi ya nyumba.

Bidada wa stori hii alikaonea huko huko. Alikuwa anasuka kwenye saluni moja pale Majengo, Dodoma mjini, na mteja akichelewa yeye yuko na simu. Akakipenda kile kitu. Akakiweka kwenye kikapu cha duka la mtandaoni, na kila mwisho wa mwezi anakiangalia, anakiacha. Kikakaa kwenye kikapu mwaka mzima.

Kumbe kitu chenyewe, tena kikubwa zaidi, kilikuwa kinaning'inia ukutani kijijini kwao Busi, wilaya ya Kondoa, juu ya magunia ya uwele ya babu mmoja jirani. Alikuwa amekiona tangu mtoto. Hakuwahi kujua kwamba ni ndugu wa kile cha kwenye kikapu.

Tuwekane sawa kidogo hapa, maana wengi hawajui. Vyombo vya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba ni vya Afrika, viko kuanzia Zimbabwe mpaka Kongo, kila watu na jina lao. Wagogo wa hapa Dodoma wanaita ilimba, kwa Kiswahili cha mtaani marimba. Sasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyehamia kusini mwa Afrika, Hugh Tracey, alikuwa anazunguka na mitambo yake ya kurekodi muziki wa Waafrika, na Tanganyika alifika. Baadaye akaanza kutengeneza chombo cha namna hiyo cha kuuza, akakipa jina kalimba, akakipanga sauti za do-re-mi ili Mzungu yeyote akinunua aweze kupiga nyimbo za kwao. Leo hivyo vya vyuma kumi na saba vinatoka viwandani China na vinauzwa dunia nzima. Chombo kimeondoka Afrika, kimesomeshwa, kimerudi kwetu kwa njia ya posta.

Na kwa upande wa ilimba yenyewe, jina kubwa kuliko yote ni la marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, huku huku mkoani Dodoma. Mwalimu Nyerere alimpenda, akamleta Dar es Salaam. Baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hicho ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Alizunguka dunia na ilimba na zeze lake, akarekodi na lebo ya Peter Gabriel ya Real World huko Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Watoto wa 2000 wengi hawamjui, na ukiwaambia Mgogo wa Dodoma alishajaza majukwaa ya Ulaya kabla ya hawa mastaa wao, wanacheka.

Haya, turudi kwa bidada.

Alimaliza fomu foo na matokeo ya kuficha. Akaenda mjini, saluni, akawa na ndoto ya bongo fleva kama nusu ya wasichana wa nchi hii. Sauti anayo, hilo kila mtu anakubali, hata wateja walikuwa wanamwambia aimbe wakati anawasuka. Akajichanga laki mbili, akampelekea prodyuza mmoja. Akaimba, wakapiga picha, wakapost stetasi. Ngoma ikawa "inapikwa". Ikapikwa miezi saba! Siku moja namba ya prodyuza haipatikani, chumba cha studio kina mpangaji mwingine anauza chipsi. Alipigwa kweupe.

Mwezi huo huo saluni nayo ikafungwa. Akarudi Busi wakati wa kuvuna alizeti, na begi moja, simu yenye kioo cha ufa, na kucha za bandia ndefu za elfu kumi na tano alizokuwa amebandika siku mbili kabla. Kijijini watu hawasemi, wanaangalia. Mama yake alimpokea vizuri, ila baada ya wiki mbili akaanza kulitaja taja jina la kijana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpole, mswalihina, hana mke. Ilikuwa linatajwa wakati wa kusonga ugali, linatajwa wakati wa kupuliza mlenda. Bidada akaanza kutafuta sababu za kuwa nje ya nyumba jioni.

Ndipo akawa anaenda kwa babu.

Babu huyu ni Mgogo katikati ya Warangi. Alifika Busi kijana, anachunga ng'ombe za watu, akaoa binti wa Kirangi, akabaki. Bibi alishatangulia. Watoto wako Dar na Babati, wanatuma hela ya vocha na sukari. Anaishi kwenye tembe lake la zamani, la udongo juu na udongo pembeni, na kila jioni akishamaliza mambo yake anashusha ile ilimba, anapiga kama robo saa, anarudisha. Anapiga peke yake na hamchezeshi mtu yeyote.

Siku ya kwanza bidada alikaa akasikiliza huku anachati. Akamrekodi, akamtumia shoga yake wa saluni aliyebaki Dodoma, na maneno ya kejeli juu: "sikia club ya huku kwetu". Shoga akajibu kwa vicheko vingi. Hiyo rekodi tutairudia, ikumbuke.

Siku ya tatu au ya nne akaomba kushika.

"Babu, shikamoo. Na mimi nipige kidogo."

"Marahaba mke wangu. Wanawake kwetu wana muheme, hawana ilimba."

Muheme ni ngoma za kina mama wa Kigogo, zile wanazibana katikati ya magoti wanazipiga mpaka vumbi linasimama. Na ni kweli, ilimba kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Bidada akamjibu kwamba yeye ni Mrangi, muheme haujui, na hapo Busi hakuna mwanamke wa kumpa ngoma. Babu akacheka lakini hakutoa.

Kesho yake bidada akaja na video. Ni ya The Zawose Queens, Pendo na Leah, wanawake wa ukoo ule ule wa Zawose, ambao mwaka 2024 walitoa albamu yao inaitwa Maisha. Babu akaangalia kwenye kioo chenye ufa mara tatu. Akauliza hawa ni wa kwa Hukwe? Akaambiwa ndiyo. Akanyamaza. Halafu akaangalia vidole vya bidada, akasema, "Basi toa hizo kwanza."

Elfu kumi na tano zikaondoka na kiwembe pale pale. Gumba tu ndiyo akaambiwa aiache kucha yake mwenyewe ikue kidogo, kwa sababu nyama ikigonga chuma sauti inakufa, kucha ndiyo inaiamsha.

Sasa kwa wale mnaotaka kujua inafunzwaje, hapa pana kitu. Mtandaoni kalimba inafunzwa kwa namba. Kila chuma kina namba, wimbo unaandikwa namba, unafuata, baada ya nusu saa unapiga wimbo wa siku ya kuzaliwa. Inafurahisha na hakuna ubaya. Babu hana namba. Siku tatu nzima alimpa vyuma viwili tu. Cha kulia, cha kushoto. Kulia, kushoto. Wakati huo yeye anapiga stori za ng'ombe, za njaa za zamani, anamuuliza bidada maswali, na bidada lazima ajibu bila mikono kusimama. Akisimama, babu naye anasimamisha stori, anamwangalia mikono mpaka ianze tena.

"Ukikosea usirudi nyuma. Hakuna aliyekusikia. Endelea."

Wiki ya pili vikaongezeka vikawa vinne. Mkono wa kushoto unashika mzunguko mfupi hauachi, wa kulia unajibu pale unapotaka. Mwezi wa kwanza ulipoisha ncha za gumba zimevimba, zimepasuka, zimekuwa ngumu. Mama yake akauliza ni kazi gani hiyo ya kuumiza vidole isiyoleta hata kilo ya sukari. Swali la haki kabisa, tusimlaumu mama wa watu.

Kwa mikono, ilimba ni rahisi kweli. Vyuma vimepangwa hivi kwamba ni vigumu hata kukosea, vingi vinakubaliana. Ugumu uko kwenye kuimba juu yake. Babu anaingia kuimba mahali ambapo wewe ungedhani bado, na sauti zake si zile za kwaya wala za redio. Kuna moja ya juu bidada alikuwa anaikosa kila siku. Akiimba yeye inakuwa juu kidogo, babu anatikisa kichwa. Akishusha, anapitiliza. Miaka yote ameimba na biti za kompyuta, sikio lake limeshazoea ngazi za kinanda.

Hii nayo ina maelezo yake. Wanaosoma muziki wanasema ngazi ya Wagogo inafuata sauti za asili, zile zinazotoka zenyewe ndani ya waya mmoja ukiugusa kidogo sehemu tofauti bila kuukandamiza. Jaribu hata kwenye gitaa la jirani. Zinatoka sauti safi, lakini mojawapo iko chini ya noti yoyote ya kinanda, karibu theluthi ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Haijakosewa. Kinanda ndicho kilichorekebishwa ili kiweze kupiga nyimbo za kila aina kwa pamoja. Sauti ya babu inakaa kwenye ile ya asili, na ilimba yake imepangwa hivyo, na yeye aliipokea kwa mjomba wake aliyempa chombo.

Haya hayakuwa yanajulikana kwa bidada wakati huo. Alichokuwa anaona yeye ni kwamba ilimba ya babu haikubaliani na biti zake za kwenye simu.

Ikafika siku babu akapelekwa Kondoa mjini kwa ajili ya macho, akakaa kwa ndugu kama wiki mbili hivi. Akamwachia bidada ufunguo, kuku wawili na ilimba. Bidada akapanda mwinuko ulio nyuma ya kijiji, maana mtandao wa kueleweka unapatikana huko, akapakua ile programu ya kupima sauti. Unapiga chuma, mshale unakuonyesha kama uko sawa au umepotea. Akapiga cha kwanza, kijani. Cha pili, nyekundu. Cha nne, nyekundu kabisa.

Akasema aa, kumbe imechakaa, ndiyo maana.

Kuweka sauti za ilimba si kazi ya fundi wa mbali. Vyuma vimebanwa tu na kipande kingine cha chuma. Ukivuta kimoja kikatokeza zaidi sauti inashuka, ukikigonga kikarudi ndani inapanda. Akachukua kipande cha mti, akagonga kimoja kimoja. Siku mbili akawa kavimaliza vyote, kila chuma kijani. Akaweka biti, akapiga, akaimba kibwagizo chake mwenyewe cha ile ngoma iliyoliwa na prodyuza. Ikakubali! Akakaa mlangoni kwa tembe, jua linazama, akajirekodi.

Wadau, ile video ilitembea. Kijijini walijua kwa sababu vijana wa bodaboda walianza kumwita "staa". Komenti kwa maelfu, watu wa Kenya wanauliza hicho ni nini, Mmarekani mmoja anauliza kinauzwa bei gani. Yule kijana wa duka la vifaa vya ujenzi akapost kwenye stetasi yake na kopa tatu. Na kwenye inboksi akaingia mtu wa timu ya staa mmoja mkubwa, jina tuliache, anasema bosi ameipenda ile sauti.

Babu akarudi Jumapili. Jicho moja limefungwa, mwenyewe mchangamfu. Akasalimia, "Mbukwa," akauliza kuku, akakaa, akashusha ilimba.

Akapiga mzunguko mmoja, akasimama. Akaigeuza, akaangalia nyuma kama kuna ufa. Akapiga tena, safari hii akafungua mdomo aimbe. Sauti yake ikatoka, ikatafuta pa kukaa, haikupata. Akajaribu kushusha, akajaribu kupandisha. Mzee wa miaka hiyo anaikosa nyimbo yake ya kila jioni mbele ya mtoto wa jirani.

"Hii imepelekwa shule," akasema.

Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Bidada akamwambia babu nilikuwa nairekebisha, ilikuwa imelegea, basi rudisha wewe unavyotaka. Hapo ndipo likaja la kuja. Babu akanyoosha mikono, inatetemeka. Kuvigonga vile vyuma kunataka mkono mtulivu, maana ukizidisha unywele tu umeshapitiliza, na yeye mkono huo hana tena. Na sauti za juu anazisikia ikiwa zimeshapangwa, lakini kuzitafuta moja moja masikio hayamfikishi. Ilikuwa imebaki sawa miaka yote kwa sababu hakuna aliyeigusa.

Akairudisha ukutani. Jioni iliyofuata hakuishusha. Wala iliyofuata.

Sasa fikiria vizuri hapa. Ile ngazi ya mjomba wake ilikuwa imehifadhiwa sehemu mbili, kwenye vile vyuma na kwenye kichwa cha mzee ambaye masikio yanamuaga. Bidada alikuwa ameshafuta moja. Ndiyo, nyimbo za Hukwe zipo mtandaoni na yeye alizisikiliza zote, bando likaisha, lakini ilimba ile ni nyingine, ukubwa mwingine, vyuma vingine. Rekodi alizokuwa nazo za babu alizifuta mwenyewe kwenye simu kupisha nafasi ya zile video zake za kutrend. Akajaribu kwa kukumbuka. Siku ya tatu anagonga vyuma, mama yake akatoka nje akamwambia, "Mwanangu, hiyo unazidi kuiua."

Usiku ndipo akakumbuka ile ya kejeli. Club ya huku kwetu.

Akapanda mwinuko asubuhi na mapema. Akamwandikia shoga yake, moyo unamwenda mbio, kwa sababu shoga naye alikuwa ameshabadilisha simu mara moja. Ikapita nusu saa. Jibu likarudi: "ipo mami, vitu vyako sifutagi." Ikaingia. Dakika moja na sekunde arobaini. Ndani yake kuna jogoo anawika, kuna bidada mwenyewe anacheka kwa pembeni, na kwa nyuma babu anapiga na kuguna guna. Ilibidi ajisikilize akicheka kila mara anapoirudia, na aliirudia mamia ya mara.

Zikaenda usiku nne. Sikio moja spika ya kusikilizia, sikio lingine ilimba, kipande cha mti mkononi. Programu akaizima. Vyuma ambavyo babu anavipiga vilisikika kwenye rekodi, hivyo vilikuwa na pa kuanzia. Shida ilikuwa vile ambavyo havipigwi. Ilimba kubwa ina vyuma vingine ambavyo kidole hakivigusi kabisa, vimewekwa viitikie tu wenzao wakilia. Hivyo rekodi haivionyeshi. Alivigundua kwa kuchoka. Usiku wa tatu alikuwa ameegemeza kidole juu ya kimoja huku anapiga cha jirani, akahisi kinatetemeka chenyewe. Akakigonga kidogo, kikaacha. Akakirudisha, kikatetemeka tena. Basi akapata njia, akawa anapiga mmoja na kumgusa mwenzake kwa ncha ya kidole. Kikiwa mahali pake kinaitika, na kikiwa nje ya mahali pake kimekufa kimya.

Halafu ule utando. Kwenye tundu la mbele la ilimba pale panabandikwa utando wa buibui, ule mzito anaofunikia mayai yake, ndio unaotia ule mlio wa kukoroma kwa mbali. Ulikuwa umechanika kwa kugongwa gongwa. Alfajiri akawa anapekua kuta za tembe na tochi ya simu anatafuta buibui, bidada huyu huyu ambaye Dodoma alikuwa anapanda juu ya kiti akiona mende.

Alipompelekea, babu hakusema kitu. Akapiga muda mrefu bila kuimba. Akaonyesha viwili kwa kidole.

"Hawa wawili bado wanaongea Kizungu."

Safari hii kikawa rahisi, kwa sababu babu anaguna sauti anayoitaka na bidada anagonga mpaka ikutane na mguno. Cha kwanza dakika tano. Cha pili kiliwachukua mpaka giza. Na ni kile kile cha sauti ya juu aliyokuwa anaikosa kuimba miezi yote, kile ambacho mshale ulikuwa unakionyesha nyekundu kuliko vyote. Kilipokaa, babu akaimba. Bidada akaingia naye pale katikati, na hakuambiwa kashusha wala kapandisha.

Sasa hivi bidada anatengeneza yake. Fundi baiskeli wa pale senta amempa spoku za zamani bure, anazichoma moto na kuziponda ziwe bapa kwa nyundo juu ya jiwe. Ubao wa mninga aliununua kwa seremala elfu nane, mabaki ya kitanda cha mtu. Hesabu yake yote ukiweka na gundi haifiki elfu kumi na tano, yaani bei ya zile kucha. Mbili za kwanza zilipasuka. Ya tatu inatoa sauti, japo babu anasema inakohoa. Watoto watatu wa jirani wanakuja jioni, na yeye anawapa vyuma viwili tu, kulia, kushoto, anawapigia stori za saluni.

Ila lile la inboksi halijaisha. Yule mtu wa timu ya staa anaweka mezani laki tatu. Anataka ile sauti ya kwenye video, ile iliyopelekwa shule, maana ile nyingine bidada alimtumia akasema "inagombana na biti". Na jina la bidada halitakuwepo kwenye wimbo, wala la Busi, wala la babu. Ni sauti tu. Kusema kweli kwa kinachotolewa hapo mtu angeuliza kwanza maswali kwa wanaojua hakimiliki, COSOTA si wapo, lakini mtu wa timu anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Mama anasema laki tatu ni mbegu za alizeti za msimu, na ada ya mdogo wake, na kwamba sauti si kitu cha kuisha, ukiuza bado unabaki nayo. Shoga wa saluni anasema adai milioni na jina. Kijana wa duka anasema chochote atakachoamua yeye yuko nyuma yake, kama kawaida yake. Babu alipoulizwa alikaa kimya sana, halafu akauliza swali moja tu, huyo mtu akiulizwa na watu wake hii sauti umeitoa wapi, atasema nini?

Bidada hakuwa na jibu, na mpaka sasa hajamjibu yule mtu.

Wadau, wewe ungekuwa ndiyo yeye ungefanyaje? Achukue laki tatu au akaze? Dondosha komenti yako hapo chini, na matusi weka mbali. Mwenyewe anazisoma zote, ila jibu lake litachelewa kidogo, mpaka apande mwinuko.